Kujinyoosha kwa Watu wa Kazi Nzito Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na mahamali wa masoko ya Kongowea na Marikiti, wasukuma mikokoteni wa kivuko cha feri cha Likoni, vibarua wa mjengo, madobi, wavuvi na madereva wa malori. Majibu ni ya mtu mzima asiye na maradhi. Mwenye mimba, kisukari, ganzi ya mguu au ngiri aanzie sehemu ya "Hali maalumu".

## Ya kwanza kujua

Nabeba magunia tangu alfajiri. Kazi yenyewe si mazoezi tosha?

Kazi inakupa nguvu, lakini ni nguvu ya mwendo mmoja tu. Hamali huinama, hujikaza, hutembea shingo imeinama, kisha hurudia. Siku nzima mikono haipandi juu ya kichwa, nyonga hazifunguki kwenda nyuma, kifua hakitanuki. Kiungo kisichopitishwa njia yake yote hupoteza sehemu ya njia hiyo polepole, na mwenyewe hajui mpaka siku anaponyoosha mkono juu kudaka gunia linaloporomoka.

Tena mazoezi yana mapumziko yaliyopangwa. Kazi ya kibarua hupangwa na lori, si na mwili wako. Ndiyo sababu ya kujiwekea dakika chache ambazo ni zako.

Kupasha mwili moto na kunyoosha misuli ni mamoja?

La. Kupasha mwili moto ni mwendo: kutembea haraka, kuzungusha mabega, kuchuchumaa na kuinuka. Kunyoosha ni kuvuta msuli mpaka uhisi umefika, kisha kutulia hapo. La kwanza ni la kabla ya kazi, la pili ni la baada yake.

Mpangilio huu una sababu. Msuli ulioshikiliwa kwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa na nguvu kwa muda, na si vizuri kuupeleka chini ya gunia papo hapo. Mvuto mfupi, chini ya sekunde 30, hauna neno, kwa hiyo unaweza kuutumia katikati ya kazi.

Nikijinyoosha kila siku, sitaumia kiuno?

Hatuwezi kukuahidi hivyo. Ushahidi kwamba kujinyoosha peke yake huzuia majeraha ya kazini ni hafifu. Linalojulikana ni kwamba kunyoosha huongeza upana wa mwendo wa viungo, na kwamba mazoezi ya kuimarisha mgongo, tumbo na miguu hupunguza uwezekano wa maumivu ya kiuno kurudi. Yeyote anayekwambia dakika tano za asubuhi zitakulinda na gunia la kilo mia anakudanganya, na mara nyingi ana faida yake katika gunia hilo. Uzito wa mzigo, kimo unachouinulia na idadi ya safari ndivyo vinavyoamua zaidi. Tazama swali la lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi.

Nishikilie kwa muda gani?

Sekunde 15 hadi 30, urudie mara mbili hadi nne kila upande, ili kila msuli upate kama dakika moja kwa jumla. Siku mbili au tatu kwa wiki ndicho kiwango cha chini. Kila siku ni bora. Unatakiwa kuhisi msuli unavutika. Ukihisi kuchomwa, umeme au ganzi, umepita mpaka, rudi nyuma. Usidundedunde, na usizuie pumzi.

## Kabla ya kazi

Nifanye nini hasa kabla lori halijafunguliwa?

Dakika tano zatosha, na huhitaji kifaa chochote ila lori lenyewe.

Tembea haraka kwa dakika mbili, mikono ikienda mbele na nyuma. Kisha zungusha mabega kwenda nyuma mara kumi, halafu inua mikono yote miwili juu ya kichwa mara kumi. Shika bodi ya lori kwa mkono mmoja, bembeza mguu mbele na nyuma mara kumi, ubadilishe. Ukiwa bado umeshika bodi, chuchumaa nusu na uinuke mara kumi.

La mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, na ndilo wengi huliruka. Simama hatua moja mbele ya tairi, ukiwa umeligeuzia mgongo. Legeza magoti kidogo. Sasa sukuma makalio nyuma mpaka yaguse tairi, kifua kikienda mbele lakini mgongo ukibaki umenyooka. Inuka kwa kukaza makalio. Fanya mara kumi. Ukiweka kiganja kiunoni utahisi: kama kiuno kinapinda, unainamia mgongo, kama mkunjo uko kwenye kinena, unainamia nyonga. Gunia linaloinuliwa kwa nyonga hubebwa na makalio na mapaja, misuli mikubwa kuliko yote mwilini.

Baada ya hapo, mzigo wa kwanza na wa pili iwe myepesi. Kama msimamizi anaharakisha, omba upewe katoni kabla ya magunia.

Mbona mnasema nisiiname kugusa vidole vya miguu nikitoka tu kitandani?

Kati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini, diski. Ukilala, hufyonza maji na kujaa. Ndiyo maana mtu huwa mrefu kidogo asubuhi kuliko jioni. Diski iliyojaa hubanwa zaidi mgongo unapopindwa, na hali hiyo hupungua kadiri unavyosimama na kutembea, hasa katika saa ya kwanza.

Hili linawahusu sana watu wa Kongowea, kwa sababu malori ya kabichi na viazi kutoka bara hufika usiku, na kuna wanaoamka saa tisa na kushika gunia kabla ya saa kumi. Kama unaweza, shuka kwenye matatu kituo kimoja kabla umalizie kwa miguu. Kama unalala hapo hapo sokoni, zunguka soko kwanza. Zoezi la kuinama lisubiri jioni.

Mombasa kuna joto. Mwili si uko moto tayari?

Iliyo moto ni ngozi. Nyonga na mabega huamshwa na mwendo, si na jua. Miezi ya Februari na Machi, joto linapokuwa kali, fanya dakika tatu badala ya tano, kivulini.

## Wakati wa kazi

Nasukuma mkokoteni Likoni. Usiku misuli ya nyuma ya mguu hunibana. Nifanyeje?

Sababu unaipanda kila siku. Maji yakipwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali zaidi. Ukipanda na mzigo, mwili unalala mbele, visigino vinaning'inia, na shavu la mguu pamoja na kano ya kisigino hufanya kazi yote vikiwa vimevutwa. Ukiwa umevaa ndala, vidole navyo hujikunja kuishikilia isitoke, na unyayo mzima huchoka. Kiatu kinachofunga kisigino kitakusaidia kuliko zoezi lolote.

Unapongoja feri, weka jiwe chini ya gurudumu kwanza. Shika mpini, rudisha mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino chini, uhesabu sekunde 20. Kisha, bila kusogea, kunja goti hilo la nyuma kidogo huku kisigino kikibaki chini. Utahisi mvuto umeshuka karibu na kifundo. Huo ni msuli wa ndani, ambao wengi hawaunyooshi kabisa. Badilisha mguu. Jioni simama kwenye ngazi, panda kwa vidole na ushuke polepole, mara kumi na tano, kwa kuwa msuli huu unahitaji nguvu kama unavyohitaji ulaini.

Ukisikia mlio nyuma ya kifundo kana kwamba umepigwa teke, kisha ukashindwa kusimama kwa vidole, kano imekatika. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kuhusu kubanwa kunakotokana na jasho, tazama swali la maji na chumvi.

Bega langu moja linauma, la pili ni zima. Kwa nini?

Simama nyuma ya lori linaloshushwa uangalie. Hamali anakuja ametanguliza bega la kulia. Wawili walio juu wanamtua gunia kati ya shingo na bega, shingo inalazwa kushoto, anaondoka. Anarudi, bega lile lile. Akivua shati utaona msuli wa kulia, ule unaotoka shingoni kwenda begani, umejaa kuliko mwenziwe.

Badilisha bega. Lile geni litalalamika, kwa hiyo lianzishe na mizigo myepesi kwa wiki kadhaa, na uwaambie walio juu mapema unataka watue upande gani; gunia linalotupwa ghafla upande usioutarajia ni hatari kuliko mazoea mabaya. Kati ya safari na safari, shika ukingo wa chini wa bodi kwa mkono wa bega lililochoka, lishushe bega, ulaze kichwa upande wa pili sekunde 15. Usiipinde shingo kwa nguvu mpaka ilie.

Na mzigo wa kichwani?

Kata iwe nene na pana, mzigo uwe katikati, na utazame mbele badala ya miguuni. Ukitua, usizungushe shingo duara kubwa. Rudisha kidevu nyuma taratibu, kichwa kikae juu ya mabega, shikilia sekunde tano, rudia mara tano. Mikono ikianza kufa ganzi baada ya kubeba kichwani, acha kubeba hivyo mpaka uonwe na daktari.

Mimi ni dereva. Nikifika tu, mwenye mali anataka nisaidie kushusha.

Mgongo uliokaa na kutikiswa kwa saa nyingi hauko tayari kuinua. Shuka, tembea dakika tano hadi kumi kuzunguka lori, weka viganja kiunoni ujipinde nyuma taratibu mara tano, ndipo ushike kitu. Madereva wa tuktuk nao wafanye hivyo kila wanaposimama kupakia.

Dobi na fundi wa mjengo: viganja na vidole.

Kukamua nguo na kushika mwiko au karai siku nzima hukaza misuli ya mkono chini ya kiwiko. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama juu, vuta vidole chini kwa mkono wa pili sekunde 20. Kisha geuza kiganja chini, ukunje kifundo, uvute tena. Dobi asilaze beseni sakafuni. Liinuliwe juu ya stuli au matofali.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku si uchovu. Ni mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo cha mkono. Kuvuta kwa nguvu hakuufai. Mwone daktari mapema, kabla nguvu ya gumba haijapungua.

## Baada ya kazi

Jioni nimechoka. Ni yapi ya lazima?

Oga, tandika jamvi, ujipe dakika kumi. Piga goti moja chini, mguu mwingine mbele, kaza makalio na usogeze nyonga mbele mpaka uhisi mvuto mbele ya paja. Kisha lala chali, pitisha leso kwenye unyayo, uinue mguu ukiuvuta kwa leso, goti la pili likiwa limekunjwa. Ukiwa bado chali, weka kifundo juu ya goti la pili na uvute paja kifuani. Hapo ni makalio. Simama mlangoni, weka mkono kwenye fremu kiwiko kikiwa kimo cha bega, upige hatua ndogo mbele kufungua kifua.

Ukiwa umeinama kutwa, malizia kwa kulala kifudifudi ukijitegemeza kwa viwiko dakika moja. Kama una nafasi ya moja tu, chagua la nyonga.

Naswali swala tano. Haitoshi?

Swala ni ibada, na haikuwekwa iwe tiba ya misuli. Lakini mwili wa anayeswali unafaidika: rukuu hufungua nyuma ya paja, na sujudu na kikao hukunja magoti, nyonga na vidole vya miguu mara nyingi kwa siku. Kinachobaki ni kifua, mikono juu ya kichwa na nyonga kwenda nyuma. Ongeza hayo matatu baada ya alasiri au isha na umekamilisha.

Siku ya pili mwili wote unauma. Nikijinyoosha zaidi yatapoa?

Kidogo sana. Maumivu ya baada ya kazi usiyoizoea hufika kilele kati ya saa 24 na 72, kisha huondoka yenyewe. Kutembea na kufanya kazi nyepesi husaidia kuliko kuvuta misuli iliyokwisha kuumia. Mkojo ukiwa na rangi ya strungi (chai isiyo na maziwa) pamoja na maumivu hayo, nenda hospitali mara moja, kwa sababu misuli inavunjika na figo ziko hatarini.

Kukandwa kwa mafuta ya nazi kunafaa?

Kwa uchovu, ndiyo. Hulegeza na hupunguza maumivu kwa muda. Kwa kifundo kilichovimba jana, usikubali kuchuliwa kwa nguvu. Na mtu asikukanyage mgongo.

Maji na chumvi je?

Anayetoka jasho kutwa hupoteza chumvi pamoja na maji. Maji matupu mengi mno bila chakula hayarudishi chumvi hiyo. Madafu ni mazuri na yana potasiamu nyingi, lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo yanywe pamoja na chakula chenye chumvi. Siku ya jasho jingi changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Mwenye presha au kisukari amuulize daktari kwanza.

Mwezi wa Ramadhani nifanyeje?

Mwendo wa kabla ya kazi ubaki vile vile. Kunyoosha kwa muda mrefu kuhamie baada ya kufuturu, hata baada ya tarawehe. Kama msimamizi ni mtu wa kusikia, magunia mazito yabebwe mapema asubuhi, mepesi yabaki mchana. Uinukapo kutoka kuinama, inuka polepole, kwa maana mwenye kiu hupata kizunguzungu haraka. Mwenzako akianza kuongea ovyo au kuyumba juani, huo ni ugonjwa wa joto kali: mtoeni juani, mmwagieni maji, mpelekeni hospitali.

## Hali maalumu

Mkanda wa kiuno unasaidia?

NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, haikupata ushahidi kwamba mikanda huzuia majeraha kwa mtu ambaye hajaumia. Hatari yake ni kumpa mtu ujasiri wa kubeba kupita kiasi.

Nina mimba na bado nauza na kubeba.

Homoni za ujauzito hulegeza kano za nyonga. Nyoosha kwa wepesi, usifike mwisho wa mvuto. Baada ya miezi minne hivi usilale chali muda mrefu. Fanya ya kukaa na kusimama. Ukiona damu, ukipata uchungu wa tumbo au maji yakitoka, acha kila kitu uende kituo cha afya.

Bega limeganda, hata kuvaa shati siwezi.

Bega linalokaza polepole kwa wiki na miezi huwapata zaidi wenye kisukari, na wapo wanaogundua sukari yao kwa njia hiyo. Pima. Wakati huo inama kidogo ukiegemea meza, mkono uning'inie, ubembezwe taratibu dakika mbili. Usilazimishe.

Maumivu yanatoka kiunoni mpaka chini ya goti.

Huo mara nyingi ni mshipa wa fahamu, na kuuvuta kwa zoezi la leso huuchokoza. Acha zoezi hilo, endelea kutembea, usilale siku nzima kitandani. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa. Mguu ukipungukiwa na nguvu, usingoje.

Nina uvimbe kinenani unaotokea nikiinua.

Hiyo huenda ni ngiri. Hakuna mnyoosho wala mzizi utakaoirudisha. Tiba yake ni upasuaji. Uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukauma na ukatapika, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Natafuna miraa, au nameza diclofenac, ndipo nimalize siku. Kuna ubaya?

Upo, na tunalisema kwa kuwa tunawajali. Miraa huficha uchovu, haiuondoi. Mwili unapokosa kukuonya, unaendelea kubeba wakati misuli imeshindwa. Diclofenac na ibuprofen zinazomezwa kila siku, tumbo tupu na mwili ukiwa mkavu kwa jasho, huumiza tumbo na figo. Ukihitaji kidonge kila siku ili kufanya kazi, unahitaji daktari.

Ni lini maumivu ya mgongo si ya kujinyoosha?

Kimbia hospitali kama umepoteza uwezo wa kuzuia au kutoa mkojo au choo, umekufa ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu yote miwili imelegea. Mwone daktari wiki hiyo hiyo kama mgongo unauma zaidi usiku, una homa, jasho la usiku au unakonda. Kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia.

Gunia la lumbesa nalo?

Kikomo cha NIOSH cha kuinua mzigo huanzia kilo 23, na hiyo ni katika hali bora kabisa: mzigo karibu na mwili, kimo cha kiuno, bila kujipinda. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la 1967 linataka mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Hapa Kenya, kanuni za viazi za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia. Gunia lililovimba kwa wavu juu limepita vyote hivyo. Kama haliwezi kukataliwa, libebwe na wawili, au lishushwe kwa ubao hadi kwenye mkokoteni. Hapo ndipo chama cha mahamali kina nguvu kuliko mtu mmoja.

Nimeumia nikiwa kazini kwa mtu. Nianzie wapi?

Mwarifu mwajiri mara moja, kwa mdomo au kwa maandishi. Maandishi ni bora. Pata matibabu na uhifadhi kila karatasi. Chini ya Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, mwajiri anatakiwa kuripoti ajali kwa idara ya serikali ya usalama kazini ndani ya siku 7 tangu aarifiwe. Dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Andika majina ya walioshuhudia siku hiyo hiyo, maana vibarua huhama.